Mbegu Isiyouzika: Mafunzo Niliyopata Katika Ugunduzi wa Aina za Maharage

Anayeanza kazi ya ugunduzi wa mbegu za maharage huja na hamu moja kubwa: mavuno. Ni hamu njema, na sina nia ya kuipoza. Shamba la kawaida la mkulima wetu Tanzania hutoa kama tani moja kwa hekta, na msimu ukiwa mbaya haifiki hata hapo, ilhali kwenye majaribio aina nzuri hutoa tani mbili na kuzidi. Pengo hilo ni mboga ya watoto na ada ya shule. Ukiona linakunyima usingizi, uko kwenye kazi yako.

Nilichokuja kukielewa polepole ni kwamba mavuno hayo yametawanyika. Sehemu yake iko kwenye mbegu ya mwitu ya Mexico, ndogo, ngumu, isiyouzika popote. Nyingine iko kwenye maharage membamba yatambaayo hadi juu ya nyumba. Nyingine imo kichwani mwa mama anayelima nusu eka. Asiyejua ukubwa wa tofauti zilizopo kati ya mbegu na mbegu atazunguka miaka mingi akivusha ndugu kwa ndugu, na kila msimu jedwali lake litamletea namba zile zile. Haya ndiyo niliyojifunza nikiifanya kazi hiyo Nyanda za Juu Kusini na kwingine nilikotumwa.

1. Ujue ukoo kabla ya kuvusha

Maharage ya kawaida ni koo mbili. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati waliyatoa mwituni wakayafanya zao. Watu wa milima ya Andes, huko Amerika Kusini, wakafanya hivyo hivyo bila kuulizana, maelfu ya miaka iliyopita. Maharage ya mwitu ya pande hizo mbili yalikuwa yameshatengana muda mrefu kabla ya mkono wa mkulima kuyafikia. Huku kwetu yalikuja baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini, na yaliyopendwa zaidi ni ya Andes, yenye punje kubwa: kablanketi, Lyamungu 85, na maharage mengi ya njano na mekundu yanayojaza madebe sokoni. Ya Amerika ya Kati yana punje ndogo, kama SUA 90. Kwa jumla hayo madogo huzaa zaidi na huvumilia shida nyingi, lakini mnunuzi huyapita.

Hesabu ya kijana yeyote mwenye ari ni rahisi: oza mkubwa na mdogo, upate mtoto mwenye punje kubwa na mavuno makubwa. Tulifanya hivyo. Kazi yenyewe ni ya subira, kwa kuwa ua la maharage hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Unalifungua kwa kibano likiwa bado changa, unatoa chavua zake, unaweka za baba, na maua mengi uliyoyashika huanguka tu. Tulipopata punje chache tulizipanda kwenye kitalunyumba kwa furaha. Zikaota vizuri. Kisha miche ikasimama. Majani yakakunjamana na kuwa ya njano, mizizi ikawa dhaifu, mmoja baada ya mwingine ikafa. Tukadhani udongo una ugonjwa; tukaubadilisha, matokeo yakawa yale yale. Wazazi wote wawili walikuwa na afya kamili.

Sababu inajulikana. Katika koo hizo mbili kuna jeni mbili, zinazoitwa DL1 na DL2. Kila moja ikiwa peke yake haina madhara yoyote, na mmea unaoibeba huzaa kama kawaida. Zikikutana ndani ya mtoto mmoja, mtoto hudumaa. Koo zilizokaa mbali kwa muda mrefu mno zimeanza kusahau namna ya kuishi pamoja.

Dawa ni ya kawaida pia. Si kila aina hubeba jeni hizo, kwa hiyo tafuta mzazi asiyezibeba awe daraja: mvushe kwanza na upande mmoja, kisha mtoto wake na upande wa pili. Fanya majaribio machache ya kuvusha kabla ya kuwekeza msimu mzima. Na hata ndoa ikikubali, jiandae kwa kizazi cha pili chenye kila umbo na rangi, punje nyingi zikiwa za ukubwa wa katikati usiomridhisha mtu yeyote. Utalazimika kumrudia mzazi mwenye punje kubwa mara moja au mbili. Vijana wengi hukata tamaa hapo, wakati ndipo tofauti za vinasaba zinapoanza kulipa.

2. Mbegu isiyouzika inaweza kuokoa ghala

Tulizoea kupima mavuno siku ya kuvuna, kwenye mizani, na kuondoka. Mkulima hupima kwa njia nyingine: amebakiwa na nini mwezi wa pili baada ya hapo. Fungua gunia lililokaa bila dawa, uone unga chini na matundu kwenye kila punje. Dumuzi wa maharage wako wa aina mbili kubwa. Zabrotes hupenda joto na hugandisha mayai yake juu ya punje. Acanthoscelides huvumilia baridi ya milimani na huanza kutaga shambani, maganda yakikauka. Kwa sababu yao mkulima huuza wiki ile ile ya mavuno, wakati bei iko chini kabisa, kisha hununua maharage hayo hayo baadaye kwa bei ya juu.

Tulitafuta ukinzani kwenye aina zilizolimwa, hatukuupata wa maana. Ulipatikana mwituni. Wataalamu walikuta katika maharage ya mwitu ya Mexico protini ambayo haimo katika aina yoyote inayolimwa. Wakaiita arselini, kwa mji wa Arcelia katika jimbo la Guerrero, na katika miaka ya 1980 ilithibitika kwamba Zabrotes akila punje yenye protini hiyo hakui. Zao lilipotolewa mwituni lilipita kwenye chujio jembamba: watu wa kale walichukua mimea michache iliyowapendeza, na jeni nyingi zikabaki nyuma, hii ikiwa mojawapo.

Kwa Acanthoscelides arselini haikutosha. Ikabidi kwenda kwa jamaa wa mbali zaidi, tepari, aina nyingine ya maharage inayotoka jangwani, kaskazini magharibi mwa Mexico na ng'ambo ya mpaka, Marekani. Kutoka tepari ya mwitu, Paul Kusolwa wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na James Myers wa Oregon State walihamisha kundi la protini za kuzuia dumuzi hadi kwenye maharage ya kawaida. Katika kazi hiyo walitumia Rojo, aina nyekundu iliyotoka Sokoine, inayojulikana na wakulima wetu. Fikiria umbali huo: mmea wa jangwani ambao punje yake hakuna anayeitaka sokoni Morogoro, umetoa kinga inayoweza kulinda ghala la mkulima wa Mgeta.

Tangu hapo sikuweza tena kutazama mbegu ndogo, chafu, ngumu, nikaiweka kwenye rundo la kutupa kwa sababu ya sura. Ninachokuomba ni kwamba unapoandika orodha ya kutupa, andika pembeni mwa kila mbegu kitu gani hujakipima bado. Mara nyingi orodha itafupika.

3. Jeni iliyosifiwa ng'ambo huenda ikaua nyumbani

Kuna virusi vya mozaiki vinavyoenezwa na vidukari na hupita pia ndani ya mbegu. Nchi nyingi zilivishinda kwa jeni moja yenye nguvu, iitwayo I. Vitabu viliisifu, na kwa haki: shamba lenye jeni hiyo hubaki kijani. Mbegu zenye jeni hiyo zilipofika Afrika Mashariki tulizipokea kwa matumaini makubwa.

Kisha nikaona mmea uliostawi ukianza kuwa mweusi kwenye mishipa ya majani, weusi ukishuka kwenye shina hadi mizizini, na ndani ya siku chache umekufa. Jirani yake asiye na jeni hiyo alikuwa na majani yenye mabaka, amedhoofika, lakini anazaa. Kwetu kuna kirusi cha pili, ndugu wa kile cha kwanza, ambacho kimeenea sana Afrika na hujificha hata kwenye mikunde ya porini. Kikikutana na jeni I, mmea hujibu kwa ukali mno. Unaua seli zake wenyewe ili kumzuia adui, na moto huo hauzimiki hadi mmea wote uishe. Ulinzi ule ule uliosifiwa ndio unaoua.

Jeni I haikutupwa, na sikushauri uitupe. Iliwekwa pamoja na jeni nyingine zilizofichika, hasa ile iitwayo bc-3, ambazo humnyima kirusi nafasi ya kuzaliana ndani ya mmea. Zikiwa pamoja, moto hauwaki. Somo nililolipata humo ni kupanda mbegu ngeni kwanza katikati ya maradhi ya nyumbani, mahali pale ambapo wakulima wanalalamika zaidi, kabla ya kuipa hata mstari mmoja kwenye mpango wa kuvusha. Kituo chenye shamba safi kupita kiasi hakikufundishi kitu juu ya hilo.

4. Mwite mkulima mapema, kabla hujachagua

Hili ndilo lililobadilisha kazi yangu kuliko mengine yote, kwa hiyo nivumilie nikilikalia.

Siku moja ya wakulima tulikuwa na aina zetu zimepandwa kwa mistari, vibao vimesimikwa, namba za mavuno ya misimu iliyopita ziko mkononi. Mama mmoja wa makamo hakutazama vibao. Alipiga magoti, akainua majani kwa mkono, akatazama chini ya mmea, akasogea kwenye mstari unaofuata, akafanya vivyo hivyo. Alipofika kwenye aina tuliyoitegemea zaidi alitikisa kichwa.

"Maganda yake yanagusa udongo, mwanangu. Mvua ya Machi itayaozesha."

Kwenye majedwali yetu hapakuwa na safu ya urefu wa ganda la chini kutoka ardhini. Tulikuwa na siku za kutoa maua, uzito wa punje mia, alama za kutu, alama za madoa pembe. Shamba la kituo lilikuwa na mifereji mizuri na vibarua wa kuvuna kwa wakati, hivyo ganda la chini halikuwahi kutusumbua. Yeye analima kwenye mteremko, mvua zikiwa bado zinanyesha, na mikono ni yake na ya watoto. Msimu uliofuata tulianza kupima urefu huo, na ikaonekana wazi kwamba baadhi ya mavuno makubwa ya kituoni yangebaki matopeni yakifika kwake.

Baadaye nilisoma kazi iliyofanyika Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1980. Louise Sperling na wenzake, kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda na kituo cha kimataifa cha CIAT, waliwaalika wanawake waliotambulika vijijini mwao kuwa mabingwa wa maharage. Wakawapeleka kituoni wakachague wenyewe kati ya aina nyingi, hatua kadhaa kabla ya wakati ambao mkulima kwa kawaida huitwa. Wanawake hao walichagua kwa vigezo vyao, kimojawapo kikiwa namna maharage yanavyozaa chini ya kivuli cha migomba. Yalipopandwa majumbani, waliyoyachagua wao yalishinda mbegu za kienyeji mara nyingi zaidi kuliko yale ambayo watafiti wangewapelekea. Na yalishinda kwa mavuno yenyewe, kipimo ambacho watafiti walidhani ni chao.

Kwa desturi yetu huanza na mamia ya mistari, kila mmoja ukiwa na mbegu yake, tunaipunguza msimu baada ya msimu, na mkulima anaonyeshwa mitatu au minne iliyobaki. Kwa wakati huo tofauti zote zilizokuwemo zimeshaondoka, na anaombwa kuchagua kati ya ndugu wanaofanana. Mwite ukiwa bado na mingi. Mwite na mpishi pia. Kablanketi huugua haraka na mavuno yake ni ya wastani, lakini halijatoka sokoni kwa sababu huiva mapema na mchuzi wake ni mzito, na kila saa ya kuchemsha ni mkaa unaonunuliwa. Watu wengine huchuma majani machanga ya maharage kama mboga wiki kadhaa kabla ya ganda la kwanza. Aina yenye majani magumu imewanyima chakula cha kwanza cha msimu. Hayo hutayaona kwenye mizani.

5. Eka ndogo ina nafasi juu yake

Rwanda ilinifundisha na jambo lingine. Ardhi ilikuwa imegawanyika hadi vipande vidogo mno, na kuoza kwa mizizi kulikuwa kunamaliza maharage mafupi. Jibu lilitoka katika tofauti ya umbo. Maharage yanayopanda mitini yalikuwepo tangu zamani kwenye milima ya kaskazini ya nchi hiyo. Watafiti wakaleta mengine kutoka ng'ambo na kuyasambaza. Mmea mfupi huzaa mara moja na kumaliza. Huu mrefu huendelea kutoa maua ukipanda, na kwenye udongo mzuri hutoa maradufu au mara tatu ya mfupi kwenye eneo lile lile.

Mmojawapo ulipewa jina Umubano. Asili yake ni jimbo la Chiapas, kusini mwa Mexico, na kwenye vitabu vya hifadhi ya mbegu unaitwa G2333. Wanasayansi walipouchunguza walikuta umebeba jeni kadhaa kwa pamoja za kukinza ndui ya maharage, ule ugonjwa wa madoa meusi yaliyobonyea kwenye maganda. Ndui ina vimelea vya aina nyingi mno, na jeni moja peke yake huvunjwa upesi. Mmea uliochaguliwa kwa urefu wake umekuwa mzazi wa kinga duniani kote.

Gharama yake ni miti ya kuegemea. Mahali pasipo na miti, usimpe mkulima aina hii bila kumpa na mpango wa kuotesha miti hiyo. Nimeona mbegu nzuri ikilala chini na kuoza kwa kukosa vijiti.

6. Pakiti isiyo na asili haisemi

Hili ni fupi. Katika kituo kimoja nilichotembelea kulikuwa na kabati la mbegu zilizokusanywa vijijini na watu waliokwishastaafu. Nyingi zilikuwa na namba tu. Hakuna kijiji, mwinuko, jina la wenyeji, wala aliyezitoa alizitumiaje. Umeme ulikuwa ukikatika, chumba kikapata joto na unyevu, na nyingi hazikuota.

Mbegu ya maharage iliyokaushwa vizuri na kuwekwa kwenye baridi kali hukaa miongo. CIAT, huko Palmira nchini Colombia, ina hifadhi ya sampuli za maharage zaidi ya 37,000 kwa mtindo huo. Wewe huhitaji jengo kama hilo ili kuanza. Kausha, ziba, andika kila kitu kwa penseli ndani ya pakiti na tena nje, na peleka nusu mahali pengine tofauti kabisa. Na kabla hujapeleka aina mpya kijijini, chukua kwanza kikombe cha ile wanayopanda sasa. Mbegu yako ikipendwa, ile ya zamani inaweza kupotea katika misimu michache, pamoja na jeni ambazo mwenzako atazitafuta akiwa amechelewa.

7. Tafuta joto kabla halijakutafuta

Maharage ni zao la baridi ya wastani. Usiku ukiwa wa joto, chavua hufa. Ua linafunguka zuri, linaanguka, na mkulima anabaki na majani mazuri yasiyo na maganda. Mwaka 2015 CIAT ilitangaza mistari ipatayo 30 inayovumilia joto zaidi, na baadhi ilitokana na kuvusha maharage ya kawaida na tepari, yule yule wa jangwani aliyetusaidia kwa dumuzi. Kumvusha tepari ni kazi ngumu: kiinitete cha mtoto hufia ndani ya ganda, na huna budi kukitoa kikiwa kichanga na kukilea maabara. Waliofanya hivyo hawakuwa na uhakika wa mavuno. Walikuwa na mkusanyiko mpana wa mbegu na imani kwamba jibu limo humo.

Kwetu kazi hiyo haijaisha. Maeneo ya chini ya Morogoro na Kilosa yana usiku wa kutosha wa joto kuwapima watoto wote unaoweza kuwazalisha. Panda mapema kuliko wakulima, ili maua yakutane na joto kali. Hesabu maganda, wala usitishwe na majani. Weka aina ya Njano Uyole na kablanketi pembeni kama vipimo, na umwite mama mmoja wa hapo apige magoti kwenye mistari yako msimu huu wa kwanza, ukiwa bado na mistari mia.